Barua ya wazi: Wageni tunawahesabu kila mwezi, wanaowahudumia tunawahesabu lini?

Kwa Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya kazi, Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya fedha na mipango, Mtakwimu Mkuu wa Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, na Mkurugenzi Mwendeshaji wa Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar (ZSSF).

Waheshimiwa, assalamu alaykum.

Mimi ni mhasibu. Kwa miaka 14 nimekuwa nikiandaa orodha za mishahara katika hoteli za ukanda wa mashariki wa Unguja, na kila mwezi ni mimi ninayejaza orodha ya michango ya wafanyakazi inayokwenda ZSSF na ile ya kodi ya mishahara inayokwenda Mamlaka ya Mapato Tanzania. Naandika barua hii kwa sababu ya jambo ambalo kwa mtu wa kazi yangu ni la kila siku, lakini sijaona likizungumzwa hadharani kwa uzito wake: katika uchumi wetu, ambao karibu nusu yake ni huduma, hakuna mahali ambapo mwananchi anaweza kusoma, mwezi kwa mwezi, ni watu wangapi wameajiriwa na sekta binafsi katika huduma hizo.

Upande wa wageni hatuna upungufu huo, na sifa nazitoa kwa wanaostahili. Ofisi ya Mtakwimu Mkuu hutoa kila mwezi idadi ya watalii walioingia, nchi walizotoka, na kama wamepita uwanja wa ndege au bandarini. Ndiyo maana hata mimi nisiye mtaalamu wa takwimu najua kwamba mwaka 2023 waliingia 638,498 na mwaka 2024 wakawa 736,755. Mfumuko wa bei pia unatoka kila mwezi, na pato la taifa kila robo mwaka. Lakini mtu akiniuliza ni wangapi waliotandika vitanda vya wageni hao 736,755, wakawapikia, wakawaendesha kutoka uwanjani, wakawalindia milango usiku, na wangapi kati yao walikuwa bado kazini mwezi wa Mei, sina pa kumpeleka.

Sisemi kwamba hakuna kilichofanyika. Utafiti wa nguvukazi umefanyika mwaka 2006, mwaka 2014 na mwaka 2020/21, na zimekuwapo pia tafiti za waajiri wa sekta rasmi. Kazi hizo ni nzuri na zina mambo ambayo orodha ya mishahara haiwezi kuyaeleza kamwe. Tatizo ni muda. Kati ya 2006 na 2014, ukanda huu wa Paje na Jambiani uligeuka kuwa mahali pengine kabisa, na utafiti uliukuta umeshageuka.

Niruhusuni niwaonyeshe ninachokiona mimi juu ya meza yangu. Katika hoteli ninayofanyia kazi sasa, ambayo si kubwa, orodha ya Januari mwaka jana ilikuwa na majina 63. Mwezi wa Machi yalikuwa 61. Mvua za masika zilipoanza, wenye mikataba ya msimu wakamaliza, mgahawa wa ufukweni ukafungwa, nusu ya vyumba vikaanza kupakwa rangi, na orodha ya Mei ikawa na majina 26. Julai tukarudi 58. Hao 37 waliotoka katikati hawakufukuzwa kwa maana ambayo Kamisheni ya Kazi ingesikia habari zao. Mikataba yao ilikwisha tu, wakaambiwa wasubiri simu. Wengine walirudi kwao Tanga na Mwanza, wengine walikwenda shambani, na wawili niliwakuta Darajani wakiuza nguo. Na nyuma ya orodha hiyo kuna kauntabuku la msimamizi wa bustani, ambamo yameandikwa majina ya vibarua wanaolipwa kwa siku kutoka fedha za matumizi madogo. Majina hayo hayajawahi kufika ZSSF wala mahali pengine popote.

Siku moja, miaka kadhaa iliyopita, ofisi moja ya umma nisiyoitaja ilituletea dodoso. Lilikuwa na kisanduku kimoja tu: idadi ya wafanyakazi kwa mwaka uliopita. Nilikaa nalo tangu asubuhi hadi adhuhuri. Niandike ya Januari au ya Mei? Nilipomuuliza bosi wangu wa wakati huo, alisema niandike ile ndogo, maana kila anayekuja kuhesabu watu hufuatwa na anayekuja kuhesabu kodi. Mwishowe nikaandika wastani, namba ambayo haikuwa kweli katika mwezi wowote kati ya ile 12, nikapiga mhuri. Nadhani wahasibu wa hoteli jirani nao walikwama kwenye kisanduku hicho hicho, kila mmoja akakijaza kwa namna yake, na majibu yetu yakajumlishwa pamoja.

Mnakumbuka mwaka 2020. Watalii walishuka kutoka 538,264 mwaka 2019 hadi 260,644. Mwezi wa Machi na Aprili hoteli za ukanda wetu zilikuwa zinafungwa moja baada ya nyingine, na kwa siku moja niliandika barua 41 za likizo bila malipo, zote zenye maneno yale yale isipokuwa jina. Idadi ya wageni tuliowakosa ilijulikana upesi, kwa sababu ilikuwa na utaratibu wake wa kila mwezi. Idadi ya waliokosa mshahara haikuwa na utaratibu wa namna hiyo: utafiti wa 2014 ulikuwa umeshazeeka, na wa 2020/21 ulikuwa haujatoka. Kama wakati ule Serikali ingetaka kuzifikia kwanza shehia zilizopigwa zaidi, ingelazimika kuwauliza masheha, na masheha wangewauliza watu kama mimi.

Naomba tutazame kidogo wenzetu wa visiwa vingine. Jimbo la Hawaii, nchini Marekani, lina watu wapatao milioni 1.4, ambao ni wachache kuliko sisi tuliohesabiwa 1,889,773 katika sensa ya 2022, nalo linaishi kwa utalii kama sisi. Kila mwezi hutolewa huko idadi ya ajira za sekta binafsi katika huduma, kwa jimbo zima na kwa baadhi ya maeneo yake, ikiwa imegawanywa: biashara na uchukuzi, fedha, huduma za kitaalamu, elimu na afya, hoteli na migahawa, na kadhalika. Moto ulipouteketeza mji wa Lahaina, katika kisiwa cha Maui, tarehe 8 Agosti 2023, pigo kwa ajira za kisiwa hicho lilikuwa na mahali pa kuonekana ndani ya wiki chache, na hapakuhitajika kuunda tume kwanza.

Utaratibu wao si wa miujiza. Ofisi ya taifa ya takwimu za kazi, ikishirikiana na majimbo, huwauliza waajiri na taasisi za serikali wapatao 121,000, wenye vituo vya kazi kama 631,000, swali lile lile kila mwezi: ni watu wangapi waliolipwa katika kipindi cha mshahara chenye tarehe 12 ya mwezi? Swali ndilo hilo, lina tarehe moja, na nchi nzima inaulizwa hivyo hivyo. Mimi na dodoso langu lenye kisanduku kimoja tungeokoka. Kwa kuwa aliyelipwa hata sehemu ya kipindi hicho huhesabiwa kuwa yuko kazini, hesabu ina udhaifu wake unaojulikana: moto ulitokea siku 4 tu kabla ya tarehe 12, kwa hiyo sehemu kubwa ya athari ilionekana katika hesabu ya Septemba. Udhaifu unaojulikana unaweza kuelezwa na watu wakaelewa.

Jambo la pili wanalofanya ndilo ninalotaka mlitazame kwa makini zaidi, kwa sababu malighafi yake tunayo. Makisio hayo ya kila mwezi hulinganishwa mara moja kwa mwaka na orodha kamili inayotokana na michango ya bima ya ukosefu wa ajira, ambayo waajiri hulazimika kuiwasilisha kila robo mwaka na ambayo inagusa zaidi ya asilimia 95 ya ajira zote nchini humo. Sisi bima ya namna hiyo hatuna. Lakini tuna ZSSF, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1998, na kila mwajiri aliyesajiliwa hupeleka huko kila mwezi orodha yenye jina, namba ya mwanachama na kiasi kilichochangwa. Huko Marekani orodha inakuja mara nne kwa mwaka. Kwetu inakuja mara 12. Tumekalia hazina, na sidhani kama kuna mtu anayeijumlisha kwa nia ya kujua ajira zimepanda au zimeshuka.

Najua mapungufu ya orodha ya ZSSF pengine kuliko wengi, maana nimekuwa sehemu ya mapungufu hayo. Mwajiri asiyesajiliwa hamo. Vibarua wa kauntabuku hawamo, na mwenye duka la vinyago aliyejiajiri hayumo, wala papasi wa Mji Mkongwe, yule anayewasaka wageni mitaani. Zaidi ya hapo kuna ucheleweshaji: hoteli ikiishiwa fedha mwezi wa Aprili, mchango wa Machi unaweza kulipwa Juni, na mtu atakayehesabu bila kujua hilo ataona wafanyakazi 60 wamepotea Machi na kuibuka tena miezi mitatu baadaye, ilhali hakuna aliyetoka hata mlangoni. Kwa hiyo ni lazima ihesabiwe tarehe ya mshahara, si tarehe ya malipo, na namba ya kwanza itangazwe kama makisio, kisha isahihishwe michango iliyochelewa ikishaingia.

Kuna mtego mwingine, ambao hauonekani mpaka uishi nao. Miaka mitano iliyopita hoteli yetu ilikuwa na walinzi 9 na wafuaji 6, wote wakiwa katika orodha yangu. Leo ulinzi umepewa kampuni ya ulinzi na ufuaji umepewa mkandarasi wa mjini. Mlinzi wa lango kuu ni yule yule, amesimama pale pale, na bado ananiuliza asubuhi kama mshahara umetoka, ingawa si mimi tena ninayemlipa. Kwa hesabu ya sekta ya malazi na chakula, ajira 15 zimetoweka. Kwa hesabu ya huduma kwa ujumla, hakuna kilichotoweka. Zimehamia tu kwenye kampuni za ulinzi na udobi. Vivyo hivyo dereva wa kuwapokea wageni anahesabiwa katika uchukuzi, na mtembeza wageni katika wakala wa safari. Ndiyo maana naomba mkitengeneza namba hiyo msiifunge ndani ya neno utalii. Hesabuni huduma zote za sekta binafsi, mzigawe ndani yake, na kila mtu ataona kazi zinahama vipi kutoka sanduku moja kwenda jingine.

Kuhusu majira, tahadhari moja ni yetu wenyewe na hatuwezi kuiazima kokote. Wataalamu wana hesabu za kuondoa mabadiliko ya msimu ili mtu asidhani kwamba kila masika uchumi umeanguka. Hesabu hizo hutegemea kwamba Mei hii inafanana na Mei iliyopita. Lakini Ramadhani yetu haikai mwezi mmoja wa Kizungu. Kila mwaka inarudi nyuma kwa siku 10 au 11. Mwaka 2024 ilianza karibu na katikati ya Machi, mwaka 2025 mwanzoni mwa Machi, na mwaka 2030 tutafunga Januari na tena kuanza kufunga mwishoni mwa Desemba, katikati kabisa ya msimu mkubwa wa wageni. Mgahawa wa mjini unaofunga mchana na kupunguza wahudumu mwezi wa Ramadhani utayumbisha hesabu kwa namna ambayo programu iliyoandikwa kwa ajili ya Krismasi haitaitambua. Wataalamu wa Ofisi ya Mtakwimu Mkuu ni watu wa hapa hapa na wanalijua hili. Nalitaja ili mtu asije akaletewa mfumo kutoka nje, akaambiwa umekamilika.

Nimesema tutazame wenzetu, basi tutazame na aibu zao. Mwezi wa Agosti 2024 ofisi ile ya Marekani ilitangaza kwamba, kwa ulinganisho wa awali, ajira za nchi nzima hadi Machi 2024 zilikuwa zimehesabiwa zaidi kwa 818,000. Hesabu ya mwisho ilipotoka, tofauti ikawa karibu 600,000. Yaani hata sahihisho lilisahihishwa. Tarehe 1 Agosti 2025 namba za Mei na Juni zilipunguzwa kwa jumla ya 258,000, na siku hiyo hiyo Rais Donald Trump akamfuta kazi mkuu wa ofisi hiyo, Erika McEntarfer, akidai bila kuonyesha ushahidi kwamba namba zimechezewa. Somo ninalolichukua mimi, kama mtu ambaye hufunga hesabu na kuzifungua tena kila mkaguzi anapokuja, ni kwamba namba inayosahihishwa hadharani ni namba inayofanyiwa kazi, na mtu wa kulindwa ni yule anayeitoa. Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wetu ipo kwa sheria, namba 9 ya mwaka 2007. Ningependa kalenda ya kutoa takwimu za ajira itangazwe mwanzoni mwa mwaka, tarehe kwa tarehe, ili namba mbaya isipate sababu ya kuchelewa na namba nzuri isipate sababu ya kuwahi.

Hili lina uzito wa kisiasa, na sitajifanya siuoni. Katika kampeni za 2020 tulisikia ahadi ya ajira 300,000. Wapo wanaosema imetimia na wapo wanaosema ni maneno, na wote wawili hutaja mifano ya watu wanaowafahamu. Ajira mpya haihesabiki kwa kujumlisha miradi iliyozinduliwa. Inahesabika kwa kujua waliokuwapo, walioingia na waliotoka. Hoteli mpya ya Matemwe ikifunguliwa na kuajiri 100, na wakati huo huo hoteli mbili za Kiwengwa zikapunguza 60 kila moja, sherehe ya ufunguzi itakuwa moja na hesabu itakuwa hasi.

Vivyo hivyo lile jambo la nani anapata kazi hizo. Kwenye baraza za kijiji chetu husemwa kila siku kwamba hoteli zimejaa watu wa Bara na Wakenya. Wenye hoteli nao husema vijana wa hapa hawataki kazi. Katika orodha yangu ya Januari, wenyeji wa Unguja na Pemba wako chini ya nusu. Katika orodha ya Mei wako zaidi ya theluthi mbili, kwa sababu wa mbali hurudi kwao msimu ukiisha na wa karibu ndio wanaobaki kulinda nyumba. Kwa hiyo baraza na mwenye hoteli wanaweza wote kuwa wanasema kweli, kila mmoja akiwa na mwezi wake. Nimeshuhudia ugomvi mkubwa ukizuka juu ya jambo hili nje ya kituo cha gari za Jambiani, na hakuna aliyekuwa na namba.

Ninachoomba, basi, si kikubwa. ZSSF ikabidhi kwa Ofisi ya Mtakwimu Mkuu, kila mwezi, jumla tu za wachangiaji wa sekta binafsi kwa aina ya shughuli na kwa wilaya, bila jina la mtu wala la kampuni, na pale wilaya inapokuwa na waajiri chini ya watatu wa shughuli moja, namba hiyo ifichwe, kwa sababu sisi wahasibu tunafahamiana na kila mmoja angejua ni nani. Ofisi iwe na kundi dogo la waajiri wa kudumu, mia chache tu zinatosha kuanzia, wanaoulizwa kwa simu kila mwezi swali moja lenye tarehe moja, wakiwamo wale wenye vibarua wa kauntabuku. Waajiri wahakikishiwe kwa maandishi kwamba jibu lao halitafika kwa mtoza kodi wala mkaguzi wa kazi. Bila hati hiyo, namba itakayotoka ni ile ndogo aliyoitaka bosi wangu. Na utafiti wa nguvukazi wa kaya, ambao ndio pekee unaomwona muuza madafu na mwenye bodaboda, usisubiri miaka sita au minane.

Gharama sizijui kwa undani wa kuzitaja hapa, lakini najua gharama ya upande wangu: kujibu swali hilo kungenichukua dakika tano, kwa kuwa jibu ninalo tayari kwenye kompyuta kabla mwezi haujaisha.

Masika yanakaribia tena. Orodha yangu ya Machi imefungwa jana ikiwa na majina 64, na tayari nimeambiwa ni yapi yasiyoendelea baada ya Aprili. Orodha ya Mei nitaiwasilisha ZSSF kwa wakati, kama kawaida. Naomba safari hii akutwe huko mtu mwenye kazi ya kuijumlisha na za wenzangu, na jumla hiyo itangazwe.

Wenu katika ujenzi wa nchi,

Mhasibu wa hoteli,
Mkoa wa Kusini Unguja